Jina Lako Si Sahihi

Muhula uliopita niliandika programu ndogo ya kuwapanga wanachuo kwenye makundi ya maabara. Ilikuwa kazi ya somo, lakini mhadhiri aliipenda, akasema tuitumie kweli. Nikavimba kichwa, sifichi. Siku ya kwanza ya matumizi nilisimama nje ya maabara kama mwenye harusi, nikiangalia watu wanavyobofya vitufe vyangu.

Akaja mdada mmoja wa mwaka wa kwanza, simu mkononi, sauti ya chini. "Kaka, samahani. Eti jina langu lina tatizo gani?"

Nikaangalia skrini. Jina lake la ukoo linaanza na Ng', kama majina mengi ya Usukumani. Chini yake, kwa herufi nyekundu, programu yangu ilikuwa imemwandikia: JINA LAKO SI SAHIHI.

Alikuwa amejaribu mara tatu. Kila mara alidhani kakosea herufi, anafuta, anaandika upya jina ambalo amekuwa akiliandika tangu darasa la kwanza. Mwisho akaondoa ile ritifaa, kile kialama kinachokaa juu baada ya Ng, na mfumo ukakubali. "Limeingia," akaniambia, "lakini hilo sasa si jina langu." Na kweli si lake. Kiswahili chenyewe kinajua hivyo: ng'oa ni kitenzi, ngoa ni wivu.

Nimekaa na jambo hili miezi kadhaa, ndiyo maana naandika. Wanachuo wenzangu tunalalamikia mifumo kila siku: wa usajili, wa malipo, wa matokeo, wa mikopo. Tunasema iko taratibu, inaanguka, inakwama. Yote kweli. Ila mimi nataka niseme juu ya kitu kingine ambacho ni rahisi kurekebisha kuliko seva, na ambacho hakuna anayekirekebisha: maneno ambayo mfumo unatuambia pale unapokwama. Na naanza kwa kukiri kwamba mimi ni mmoja wa wanaoyaandika vibaya.

Kwanza, yale maneno yalifikaje pale? Sheria ya kukataa ritifaa niliinakili kutoka kwenye kazi ya mtu mwingine. Haikuwa ya kipuuzi kabisa. Alama ile inaweza kutumiwa na mtu mwenye nia mbaya kupenyeza amri kwenye kanzidata, na kila anayesoma kompyuta anaonywa kuhusu hilo mapema. Lakini dawa yake halisi ni kutenganisha data na amri ndani ya programu, siyo kumnyang'anya mtu herufi ya jina lake. Niliijua dawa hiyo, sikuitumia kwa sababu ingenichukua saa moja zaidi. Ujumbe wenyewe niliuandika saa nane usiku, kwa sekunde kumi, bila kufikiria kwamba kuna mtu atausoma.

Hapo ndipo ilipo shida. Tunapoandika programu, tunajiwekea akilini mtu anayefanya kila kitu vizuri. Huyo tunamwandalia rangi, vitufe na salamu za "Karibu". Mtu aliyekwama hatumfikirii, tunamwachia mstari mmoja wa mwisho. Na mtu huyo ndiye aliyebakiza dakika ishirini kabla dirisha la usajili halijafungwa, bando linaisha, na hana wa kumuuliza.

Tatizo hili si letu peke yetu, wala si jipya. Waliokuwa wakitumia Windows miaka ya tisini wanaukumbuka ujumbe uliosema, kwa Kiingereza, kwamba programu hii imetenda jambo lisilo halali na itafungwa. Kwa mhandisi, "lisilo halali" maana yake ni amri ambayo kompyuta haiwezi au hairuhusiwi kuitekeleza. Kwa mtu wa kawaida, ni polisi. Kiswahili kinaongeza utamu, maana kwetu mtu ndiye anayefungwa. Kwenye Macintosh ya mwaka 1984, mashine ikikwama ilionyesha picha ya bomu lenye utambi, iliyochorwa na Susan Kare. Kwa waliotengeneza ulikuwa utani. Kwa mtu ambaye barua yake ya kurasa kumi imepotea, utani huo hauna wa kumchekesha.

Lakini kuna mfano ambao hauchekeshi hata kidogo, na wanafunzi wa kompyuta dunia nzima wanausoma. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa wasiopungua 6, Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi. Baadhi yao walikufa. Chanzo kikubwa kilikuwa makosa ndani ya programu, pamoja na kuondolewa kwa kinga za kimitambo zilizokuwepo kwenye mashine za kabla yake. Sisemi kwamba ujumbe mbaya ndio ulioua. Lakini tazama opereta alichokiona kwenye skrini: MALFUNCTION 54. Hitilafu namba 54, basi. Haikusema kwamba mgonjwa amepigwa mionzi mingi, wala haikusema simama. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kukatika-katika kwa sababu ndogondogo, na iliruhusu opereta abonyeze herufi P ili iendelee. Huko Texas mwaka 1986 opereta aliona namba hiyo, akabonyeza P kama alivyozoea, na mgonjwa akapigwa mara ya pili.

Najua hosteli si hospitali. Lakini mazoea ni yale yale. Mfumo unaotuonyesha "Kosa limetokea" kila siku unatufundisha kwamba ujumbe wa kosa ni wa kufungwa haraka, siyo wa kusomwa. Siku ukiwa na jambo la maana la kusema, hatutausikiliza.

Sasa kuna kitu ambacho wengi hawakijui, na nilipokielewa kilinikera. Kompyuta yenyewe inajua kosa ni la nani. Ukifungua ukurasa wowote, seva inajibu kwa namba. Ile 404 tumeizoea: ulichokitafuta hakipo. Namba zote zinazoanza na 4 maana yake ombi la mtumiaji lina kasoro. Zinazoanza na 5 maana yake kasoro iko upande wa seva: 500 ni hitilafu ya ndani, 503 ni huduma haipatikani kwa sasa, pengine kwa sababu imezidiwa. Yaani ile siku ya usajili tunapoingia maelfu kwa wakati mmoja na mfumo ukaelemewa, mashine inajua kabisa kwamba imeelemewa. Inaandika 503 kwenye kumbukumbu zake. Halafu binadamu aliyeandika programu anachukua makosa yote, ya 4 na ya 5, anayatupia kapu moja na kuandika juu yake: "Taarifa ulizoingiza si sahihi." Mwanachuo anabaki anakagua namba yake ya usajili mara kumi, kumbe namba haina tatizo lolote.

Huko ni kumsingizia mtu, na heshima haiwezi kuanza hapo. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, mwaka 1994 alichapisha orodha ya kanuni kumi za kutengeneza programu zinazotumika kirahisi, na moja kati ya hizo inahusu jambo hili hili: ujumbe wa kosa uwe kwa lugha ya kawaida, uonyeshe tatizo liko wapi hasa, na upendekeze njia ya kutoka. Vitu vitatu tu. Leo ni zaidi ya miaka thelathini na bado tunavikosa.

Mimi naona kwa Kiswahili tuna la kuongeza juu ya hayo matatu. Mifumo yetu mingi inaandikwa kwanza kwa Kiingereza, halafu mtu anaigeuza neno kwa neno. Katika kugeuza, tunatupa vitu ambavyo lugha yetu inavyo na vingetusaidia sana. Nitataja vitatu.

Cha kwanza ni pole na samahani. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili, Kiswahili hakichanganyi. Ukiteleza kwenye ngazi za maktaba nakwambia pole, ingawa sikukusukuma. Nikikukanyaga mguu nakwambia samahani. Nikikukanyaga halafu nikasema pole tu, nikaendelea na safari yangu, utaniona sina adabu. Sasa angalia mifumo yetu. "Samahani, nywila si sahihi." Samahani ya nini? Aliyekosea nywila ni mimi, niambie tu hailingani nijaribu tena. Kisha seva ikilala siku nzima tunaandikiwa: "Pole, huduma haipatikani." Hapo ndipo samahani ilipotakiwa! Kanuni ni rahisi: mfumo ukikosea useme samahani, na useme ulichokosea. Mtumiaji akikosea, asiombwe radhi wala asikaripiwe. Aonyeshwe pa kurekebisha.

Cha pili ni kile kiambishi cha -ika. Mtoto akivunja sahani, anaweza kusema "sahani imevunjika". Hakuna aliyetajwa. Wazazi wanakijua kijanja hicho, lakini kina faida yake: kinatuwezesha kuzungumzia jambo lililoharibika bila kumnyooshea mtu kidole. Kwa mtumiaji aliyekosea, hicho ndicho kinachofaa. Badala ya "Umeingiza tarehe vibaya", andika "Tarehe haikusomeka. Andika hivi: 25/03/2004." Maana imebaki, kidole kimeondoka, na mfano umepatikana. Lakini mifumo yetu inafanya kinyume. Kosa likiwa letu, inatumia "wewe": umekosea, umeingiza vibaya, huruhusiwi. Kosa likiwa lake, ghafla inakuwa mtoto wa sahani: "imeshindikana", "haikuwezekana". Imeshindikana kwa nani? Sema "Tumeshindwa kuhifadhi fomu yako." Mwenye nyumba ajitokeze.

Cha tatu ndicho kilichomgharimu mwenzangu wa chumbani hela. Alilipia hosteli kwa simu, shilingi 120,000, usiku wa siku ya mwisho. Alikuwa na kontrol namba, akafuata hatua zote. Mfumo wa malipo ukamjibu: "Malipo hayakupokelewa. Tafadhali jaribu tena." Akafanya alichoambiwa, akajaribu tena. Asubuhi akakuta amekatwa mara mbili. Malipo ya kwanza hayakuwa yamekataliwa, yalikuwa njiani. Kurudishiwa kulichukua wiki sita za barua, risiti na "njoo kesho". Boom lilikuwa bado halijatoka. Wiki hizo sita alikula kwa daftari la mama ntilie, na mimi nilikuwa namwona anavyoamka bila kunywa chai akisema hana njaa.

Angalia neno lenyewe. "Hayakupokelewa" maana yake jambo limekwisha, halikufanikiwa, anza upya. "Hayajapokelewa" maana yake bado, subiri. Tofauti ni silabi moja, -ku- na -ja-. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba "baba hakuja" na "baba hajaja" ni habari mbili tofauti: ukisikia ya pili unaendelea kumsubiri. Kwenye mfumo wa malipo, silabi hiyo ilikuwa shilingi 120,000. Aliyeandika ujumbe ule huenda alikuwa na neno la Kiingereza mbele yake lisilobagua hali hizo mbili, akachagua la kwanza lililomjia. Hakuna mhariri aliyepita pale.

Tena kwenye jambo la hela, mtu aliyekwama ana swali moja kabla ya mengine yote: pesa yangu imekatwa au haijakatwa? Ujumbe usiojibu swali hilo haujasema kitu, hata ungekuwa na tafadhali kumi. Mwenzangu angeweza kuandikiwa hivi:

"Malipo yako ya Sh 120,000 bado yanashughulikiwa. Usilipe tena. Angalia tena kesho saa 4 asubuhi. Yasipoonekana, njoo uhasibu na namba ya muamala."

Nimehesabu. Pamoja na nafasi na nukta, hazifiki herufi 160, ambacho ndicho kipimo cha ujumbe mmoja wa simu. Kwa hiyo wanaosema nafasi haitoshi, inatosha.

Kuna pingamizi nyingine ambazo nimezisikia darasani, nazo nizijibu kwa haki. Ya kwanza ni usalama. Ukiingia kwenye akaunti na kukosea, mfumo mwingi unakwambia "jina la mtumiaji au nywila si sahihi" bila kusema ni lipi. Hilo ni la makusudi, na ni sawa: ukimwambia mwizi kwamba jina lipo ila nywila ndiyo imekosewa, umemsaidia nusu ya kazi. Nakubali. Lakini hiyo ni sehemu moja yenye sababu yake. Fomu ya hosteli haina mwizi wa kufichwa tarehe ya kuzaliwa iandikwe vipi.

Ya pili inasema watumiaji hawasomi, hata ukiandika vizuri. Mimi nasema hawasomi kwa sababu wamezoeshwa kwamba hakuna cha kusoma. Tena sisi wanafunzi wa kompyuta ndio tuwe wa mwisho kusema hivyo. Tulipoanza kujifunza Python, ni mara ngapi tulikaa usiku mzima na ujumbe usemao tu kwamba sintaksia si sahihi, kumbe ni mabano ambayo hayakufungwa mistari minne juu? Toleo la 3.10 la mwaka 2021 likaboresha hilo. Sasa linakwambia mabano haya hayakufungwa, na linakuonyesha yalipo. Waliolitengeneza waliona kwamba hata mtaalamu anahitaji kuambiwa vizuri. Seuze mwanachuo wa fasihi anayejaza fomu.

Ya tatu inatoka kwa wale wanaotaka kulainisha mambo. Wanaweka kikatuni kinacholia na maneno "Lo! Mambo yamegoma!" Mimi sipingi ucheshi. Programu ya muziki ikikwama, nitacheka. Lakini mtu aliyefungua matokeo akitaka kujua kama ana sapu, au kama amedisko, usimwekee kikatuni. Msibani watu hawaingii na vigelegele. Kipimo changu ni hiki: ungekuwa umekaa dirishani na mtu huyo amesimama mbele yako, ungemwambia maneno hayo usoni? "Jina lako si sahihi." Mimi nisingethubutu. Niliweza kwa sababu kulikuwa na skrini katikati.

Kwa hiyo nina maombi, na yote yanawezekana bila bajeti mpya.

Kwa sisi tunaoandika programu: kabla ya kukabidhi mradi wa mwaka wa mwisho, toa ujumbe wote wa makosa uuweke kwenye karatasi moja, kisha mpe mtu ambaye hasomi kompyuta. Pale idara ya Kiswahili kuna watu wanaojua tofauti ya -ja- na -ku- kuliko sisi, na hatujawahi kuwagongea mlango. Muulize kwa kila mstari: ukisoma hivi, utafanya nini? Akisema "sijui", futa uandike upya.

Kwa wahadhiri wetu: tunapewa alama kwa mchoro wa kanzidata na kwa programu kufanya kazi. Toeni alama hata tano tu kwa inavyozungumza inaposhindwa, na mtaona tutakavyobadilika. Mnatujua, tunafuata alama zilipo.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi: kila mwanzo wa muhula mnapokea malalamiko ya mifumo. Msiyapeleke kama "mfumo mbovu". Kusanyeni skrinishoti. Zipangeni kumi zinazojirudia zaidi, kaeni na watu wa TEHAMA wa chuo, na pelekeni maneno mbadala yaliyokwisha andikwa. Kubadilisha sentensi kumi si sawa na kununua seva.

Nami kwangu nimeanza. Siku ile nilimwambia yule dada, "Nipe nusu saa, mdogo wangu." Ilinichukua saa mbili. Niliondoa ile sheria, nikaweka kinga pale ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo, kisha nikapitia kila ujumbe niliouandika. Ilikuwa kumi na saba, na kumi na nne kati yake ilikuwa ikimlaumu mtu. Nimeiandika upya yote. Bado kuna mmoja siupendi, wa kundi lililojaa, kwa sababu sijapata namna ya kumwambia mtu amechelewa bila kumwambia amechelewa. Mwenye wazo aniletee.

Nilipomaliza nilimrudia yule dada, akaandika jina lake upya, na ritifaa yake, mfumo ukalipokea. Hakusema mengi. Alilisoma kwenye skrini, akasema "Ehee, hili sasa," akaenda zake maabara.